HAJIRI KWENYE KISIMA: NENO KWA MABINTI WALIOPATA MIMBA NA KWA NYUMBA ZAO

Masomo: Mwanzo 16:1-16, Mwanzo 21:8-21, 2 Wakorintho 2:5-8



Tunawasalimu ninyi wenyeji wa zamani wa Nakivale, mliozeekea hapa na kuzaa hapa, na ninyi mliofika baada ya vita vya Goma na Bukavu vya mwanzo wa mwaka 2025, ambao bado mnatafuta miti ya kujengea. Neema na amani ziwe nanyi.

Katika toleo hili tunataka kusema juu ya jambo linalosemwa kwa sauti bombani na sokoni, lakini kanisani linasemwa kwa kunong'ona. Ni habari ya binti anayepata mimba ambayo hakuitazamia, akiwa bado chini ya paa la baba yake, mara nyingi akiwa bado mwanafunzi. Kila mtaa unaye. Wengine ni watoto wa washirika, wengine ni watoto wa watumishi. Wazazi wanalia usiku, na mchana wanafunga mlango ili majirani wasione.

Neno tunaloomba mlichukue nyumbani ni hili: malaika wa Bwana alipomkuta mwanamke mjamzito njiani peke yake, alimwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Katika nyumba zetu nyingi swali huwa moja tu, nalo ni lingine: "Mimba hiyo ni ya nani?" Likishajibiwa, au likikosa jibu, binti anaambiwa atoke.

1. HAJIRI ALIKUWA NANI?

Hajiri alikuwa Mmisri katika nchi isiyo yake. Alikuwa mjakazi. Hakuulizwa kama anataka kulala na Abramu. Bibi yake ndiye aliyepanga, na bwana wake akakubali. Mimba ilipoingia, nyumba iliwaka moto. Ni kweli Biblia inasema naye Hajiri alimdharau Sarai, hatufichi hilo. Lakini tazameni jinsi wakubwa walivyomalizana: Sarai alimlaumu mumewe, Abramu akasema fanya upendavyo, na mzigo wote ukaanguka juu ya yule mdogo. Akateswa, akakimbia.

Someni sura hizo mbili polepole mtaona jambo. Abramu na Sarai wanapozungumza juu ya mwanamke huyu hawatamki jina lake hata mara moja. Kwao yeye ni "mjakazi". Wa kwanza kumwita Hajiri kwa kinywa chake ni malaika wa Bwana, pale penye chemchemi ya maji katika njia ya kwenda Shuri.

Ndugu zangu, hata kwetu binti akipata mimba jina lake hupotea. Jana alikuwa na jina zuri la ubatizo, leo ni "yule aliyeharibika". Kitu kikiharibika hutupwa. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu haharibiki namna hiyo. Tuanze hapo: tumwite kwa jina lake.

2. UMETOKA WAPI?

Swali la kwanza la malaika linahitaji masikio. Hajiri alijibu kwa kweli, kwamba anakimbia mateso ya bibi yake. Nasi tukiuliza na kunyamaza, tutasikia mambo ambayo wengi hawayajui.

Tutasikia habari za njaa. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza kuzigawa familia za wakimbizi hapa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 watu karibu milioni 1 waliondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu fedha zilikuwa zimepungua. Nyumba ikikosa unga, binti wa miaka 15 anaanza kutoka jioni. Anayempa sabuni, pedi au pesa ya mafuta ya kupikia hampi bure. Mama anaona sabuni mpya nyumbani na haulizi imetoka wapi, kwa sababu nguo zinahitaji kufuliwa.

Tutasikia habari za shule. Wakati wa Korona shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2022. Wako mabinti waliofunga madaftari wakiwa watoto, na shule zilipofunguliwa walikuwa na watoto mgongoni.

Tutasikia habari za ahadi za ndoa, za kijana aliyesema atakuja na wazee wake kisha akahamia makazi mengine na simu yake haipatikani tena.

Na tutasikia habari za jeuri. Wako waliobebeshwa mimba kwa nguvu: njiani wakikimbia, porini wakitafuta kuni, au ndani ya nyumba zao na mtu wanayemheshimu. Juu ya hao tusiruhusu mtu yeyote kutamka neno dhambi ya binti. Aliyetenda dhambi ni aliyemtenda. Sisi watu wa Kivu tunaijua Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanza mwaka 1999 chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, ametibu huko na wenzake maelfu ya wanawake waliotendewa hivyo. Kumbe kanisa linaweza kuwa mahali ambapo mwanamke aliyeumizwa anaingia akiinama na anatoka akitembea wima.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kupiga kelele, keti. Uliza mara moja, kisha ngoja. Akilia, mwache alie. Binti aliyepigwa siku ya kwanza huficha kweli mpaka mwisho.

3. UNAKWENDA WAPI?

Swali la pili Hajiri hakulijibu. Alijua alikotoka, hakujua aendako. Hapo ndipo mabinti wengi walipo. Na katika sura ya 21, miaka mingi baadaye, tunamwona tena jangwani, safari hii amefukuzwa. Abrahamu, mtu mwenye makundi ya mifugo, alimpa mkate na kiriba kimoja cha maji. Sisi wa posho tunajua kiriba kimoja kinadumu siku ngapi. Maji yakaisha. Akamweka mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa, akalia.

Mungu akasikia sauti ya kijana. Kisha, angalieni, Biblia haisemi kwamba alichimba kisima kipya. Inasema alimfumbua macho Hajiri, naye akaona kisima. Machozi yalikuwa yamejaa machoni. Kazi ya kanisa ni kushika mkono wa binti na kumwonyesha kisima. Hapa kwetu visima viko, navyo ni hivi:

Kituo cha afya. Mimba ya umri mdogo ina hatari kubwa kuliko ya mama aliyekomaa: kifafa cha mimba, maambukizi baada ya kuzaa, na uchungu wa muda mrefu unaoweza kuleta fistula. Aanze kliniki mapema, hata kama tumbo bado halionekani. Binti wengi huogopa kwenda kwa sababu watakutana na mama wa kanisa kwenye foleni. Basi mama huyo wa kanisa ndiye amsindikize. Kichwa kikimwuma sana, macho yakiona giza, uso ukivimba au damu ikitoka, asingoje asubuhi wala asingoje maombi yaishe, tutaomba njiani. Naye aliyebakwa afikishwe kituoni ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa katika muda huo. Aende matibabu kwanza, vikao vya wazee vitafuata.

Mizizi na dawa za kificho. Hiki si kisima, ni shimo. Wako wanaopewa majani, vidonge visivyojulikana, hata sabuni ya unga, watoe mimba usiku. Wako waliotoka damu mpaka wakafa, na familia ikasema ni malaria. Aliyekwisha kunywa vitu hivyo apelekwe hospitali haraka bila kuhojiwa na bila kulaaniwa.

Karatasi. Mtoto akizaliwa, mama achukue karatasi ya kuzaliwa pale kituoni na kwenda kumwandikisha kwenye orodha ya familia katika ofisi ya wakimbizi. Mtoto asiyeandikwa haonekani kwenye hesabu. Tena kumbukeni: binti anapofukuzwa, jina lake linabaki kwenye karatasi ya baba yake. Kama ile familia bado inapata msaada, sehemu yake inaliwa na waliomfukuza, naye analala kwa rafiki na kuomba uji. Huo ni wizi, wapendwa, hata kama hakuna aliyevunja kufuli.

Shule. Wengi wanadhani mlango huo umefungwa. Serikali ya Uganda ilitoa mwongozo mwaka 2020 unaoruhusu msichana aliyejifungua kurudi masomoni. Tanzania nayo, ambako wengi wetu tuna ndugu kule Nyarugusu, ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ajili ya mimba wanaweza kurudi katika shule za serikali. Kinachobaki ni bibi wa kukaa na mtoto mchana, na mzazi asiyesema "nilikwisha kulipa karo yako mara moja, ukaila".

Kazi ya mikono. Mabinti hawa hawakai bure. Tunawaona wakienda lejaleja kwenye mashamba ya wenyeji na mtoto mgongoni, wakisuka nywele, wakifua nguo za watu, wakikaanga mandazi kabla ya jua kutoka. Mama anayenyonyesha akilima siku nzima kwa tumbo tupu, anaumia yeye na mtoto pia. Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila uji wala maji, na kwa hiyo sahani ya mama ndiyo sahani ya mtoto. Likelemba za akina mama wetu zimfungulie nafasi hata kwa mchango mdogo. Akipokea zamu yake anunue unga wa ngano na mafuta, aanze biashara yake mwenyewe, asirudi kwa yule wa sabuni.

4. JE, TUMRUDISHE NYUMBANI?

Hapa tuwe waangalifu. Wapo wanaochukua Mwanzo 16, ambapo malaika alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake, wakaifanya kuwa sheria ya kila binti. Lakini Mungu alimrudisha pamoja na ahadi, na akamwambia kwamba amesikia mateso yake. Kule nyikani mjamzito peke yake angekufa. Katika sura ya 21 Mungu yule yule hakumwambia arudi. Alimpa maji, akamkuza kijana wake katika nyika ya Parani, na Hajiri mwenyewe akamtafutia mke. Akawa mama na kichwa cha nyumba.

Basi tunajifunza kupima. Kama nyumbani kuna hasira ya baba ambayo itapoa, tumsindikize arudi, wazee wawili na mama mmoja waingie naye mlangoni. Lakini kama nyumbani ndiko kwenye mtu aliyemharibia maisha, au fimbo inayoweza kuua, kumrudisha si utii wa Maandiko. Atafutiwe mama wa kumpokea. Tukumbuke kwamba Mariamu, katika siku zake za kwanza za ujauzito, aliingia nyumba ya Elisabeti, mama mtu mzima, akakaa kama miezi mitatu. Elisabeti alimpokea kwa baraka. Kila mtaa uwe na Elisabeti wake.

Tena ndoa ya haraka si dawa. Wazazi wengine humpeleka binti kwa kijana usiku ule ule na godoro lake kichwani, ili aibu ihame. Katiba ya Uganda inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Mtoto aliyeolewa ili kuficha mimba mara nyingi anarudi na mimba ya pili na majeraha.

5. YULE MWANAMUME YUKO WAPI?

Katika Yohana sura ya 8 walimleta mwanamke mmoja mbele ya Bwana, wakasema alifumaniwa. Sheria ya Musa, katika Walawi 20:10, iliwataja wote wawili. Sasa mwanamume alikwenda wapi? Hata leo swali hilo linatembea kambini. Binti anasimamishwa kuimba kwaya, na kijana wa mimba ile ile bado anapiga gitaa jukwaani. Tumbo linaonekana, gitaa linasikika, na Mungu anaona yote mawili.

Vijana wetu wa kiume, tunawapenda, na kwa sababu tunawapenda tunawaambia: anayeweza kutungisha mimba anaweza kubeba jeri la maji, kununua sabuni ya mtoto na kusimama mbele ya wazazi wa binti. Kutoroka hakufuti ubaba. Mtoto atauliza.

Nanyi wanaume watu wazima, sikieni. Kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai katika nchi hii iliyotupokea, hata kama alikubali. Kuna desturi ya "kumaliza nyumbani": mbuzi wawili, faini, soda, na wazee wanatia sahihi. Mbuzi wanaliwa wiki moja. Binti anabaki na mtoto, na mwenye kosa anatafuta binti mwingine, maana amekwisha kujua bei. Mzee wa kanisa asikae kwenye kikao cha namna hiyo.

6. NIDHAMU YA KANISA

Wengine watasema: "Mchungaji, mnafungua mlango wa zinaa." La, hasha. Tunafundisha usafi wa mwili na tutaendelea kufundisha, tena tufundishe mapema na kwa maneno yanayoeleweka, si kwa vitisho tu. Palipo na dhambi kuna toba, na toba ni ya wote wawili.

Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi kwamba adhabu ile ilitosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Kwa hiyo nidhamu ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kumweka binti kiti cha nyuma bila kumwambia lini na namna gani atarudi, huko ni kummeza. Nidhamu isimnyime ziara ya wamama akijifungua. Isimnyime mtoto kuwekwa mikononi mwa Bwana na kuombewa mbele ya kanisa kama watoto wengine. Mtoto hajatenda lolote. Jina Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia", na Mungu mwenyewe ndiye aliyelichagua kabla mtoto hajazaliwa.

7. KWAKO, BINTI YETU

Labda unasomewa gazeti hili na mwenzako, au umelikuta nyumbani kwa watu. Tunasema nawe sasa.

Usiku ni mrefu, tunajua. Mtoto analia, matiti yanauma, na wenzako wanapita wakiwa na sare za shule. Wengine wenu mmewaza kufa. Wazo hilo usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mama mmoja unayemwamini, au mhudumu wa afya. Huzuni nzito baada ya kuzaa ni ugonjwa unaotibika. Kuwa nayo si pepo, wala si alama kwamba humpendi mtoto wako.

Kama ulikosa, tubu mara moja na upokee msamaha. Usitubu kosa lile lile kila asubuhi kana kwamba damu ya Yesu haikutosha. Kama ulikosewa, hakuna cha kutubu katika hilo. Na kwa vyovyote, ishi leo. Kula, hata kidogo. Mnyonyeshe mtoto. Nenda kliniki tarehe iliyoandikwa. Weka akiba ya sarafu moja. Uliza habari za shule.

Hajiri, aliyekuwa mjakazi na mgeni, ndiye aliyempa Mungu jina pale kisimani: Mungu aonaye. Hakuna mfalme aliyefanya hivyo kabla yake. Alilipata neno hilo akiwa mjamzito, amechoka, na hana pa kwenda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika mtaa wetu ni binti gani amepotelewa na jina lake? (Msimtaje kikaoni, nendeni mkamtembelee.)
2. Nani atakuwa Elisabeti wa mtaa huu? Kikundi kitamsaidia kwa nini: unga, godoro, kuni?
3. Wanaume wa kikundi hiki wanawafundisha nini watoto wao wa kiume?

TUOMBE

Ee Mungu uonaye, uliyemkuta Hajiri njiani, uwakute na binti zetu. Uwape wazazi masikio kabla ya hasira. Uwape vijana wetu moyo wa kuwajibika. Wafunge mikono wanaowawinda watoto. Wape mama hawa wachanga maziwa, usingizi na tumaini, na watoto wao wakue katika nchi hii ya ugeni mpaka utakapotufungulia njia ya amani. Tufanye sisi kanisa lako kuwa watu wanaoonyesha kisima. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki.
Ni sisi watumishi wenu katika Bwana.